Ramani na dira, simu, GPS ya mkono ama mtu wa pale: ukitaka kuacha njia milimani karibu na Nairobi, utegemee nini

Siku hizi Nairobi kuna watu wengi ambao Ngong na Longonot wameshazimaliza, Elephant Hill wameipanda wakiwa kwa kundi kubwa wakifuatana mgongo kwa mgongo kwenye matope, na sasa wanataka kitu kingine, wanataka kuacha ile njia iliyokanyagwa wapite wenyewe. Na swali linakuja ni lile lile kila wakati. Nijifunze ramani na dira, ninunue ile GPS ya mkono, nitegemee simu, ama nilipe mtu wa pale anipeleke? Nitavilinganisha vyote vinne hapa na nitasema wazi niko upande gani, kwa sababu hili jambo naliwazia sana na naona watu wakichagua kwa bei ama kwa kile rafiki yao yuko nacho, bila kuangalia ardhi yenyewe wanaenda kuikanyaga.

Ukiwa nje ya njia kuna maswali mawili. Niko wapi, na nipite wapi. Simu inajibu la kwanza vizuri kuliko binadamu yeyote, unaona kale kadoti ka bluu na uko hapo. Lile la pili haijui. Inaweza kukuonyesha kwamba barabara iko mita 800 mbele yako, na ni kweli iko mita 800, lakini kati yako na hiyo barabara kuna korongo ambalo huwezi kushuka bila kamba. Ramani ya kontua, ile yenye mistari inayoonyesha kimo cha ardhi, inajibu la pili kama unajua kuisoma. Mtu wa pale anajibu yote mawili kwa pamoja, ila kwa eneo lake tu. Ukishika hiyo tofauti, kuchagua kunakuwa rahisi sana.

SIMU

Kwanza watu waache kusema ati simu haifanyi kazi msituni kwa sababu hakuna netiwaki. GPS ya simu inashika setilaiti moja kwa moja, haihitaji bando wala laini, hata ukiwa umeiweka airplane mode bado inashika. Kinachohitaji intaneti ni picha ya ramani, kwa hivyo unadownload ramani ukiwa nyumbani kwa waifai, programu kama OsmAnd, Organic Maps ama Maps.me zinakuwezesha kubeba Kenya nzima kwa simu. Ukiwa mahali wazi simu ya kawaida inakuweka ndani ya mita tano hivi. Hiyo ni nzuri sana, na mtu akikwambia dira ni sahihi kuliko simu anakudanganya, kwa swali la niko wapi simu inashinda.

Zawadi kubwa ya simu kwa maoni yangu ni kurekodi. Unawasha rekodi pale unapoacha gari, na ukitaka kurudi unaufuata ule mstari wako mwenyewe. Kwenye nyasi za juu, mahali wingu linaingia na hauoni miguu ya mwenzako, huo mstari unaweza kukuokoa.

Lakini sasa sikia. Kule Aberdare kuna ukanda wa mianzi mzito na umelowa, na ukiwa chini yake ama ndani ya bonde jembamba, ile doti inaanza kuruka, saa hii uko hapa, dakika moja baadaye imekuweka ng'ambo ya kijito. Kurukaruka kwa mita kumi na tano mahali pa wazi si kitu, kwa mianzi mita kumi na tano ni upande huu wa ukuta ama upande ule, na huo ukuta hauupiti. Halafu baridi ya juu inakunywa betri, skrini ikilowa haisikii kidole, na mkono umekufa ganzi hata huwezi kufungua loki. Pawabenki inasaidia betri, kwa skrini iliyolowa haikusaidii chochote.

Na kuna hili la kufuata mstari wa mtu mwingine ulioutoa mtandaoni. Ramani nyingi za hizo programu zinatoka OpenStreetMap, ambayo inachorwa na watu wa kujitolea, wanafanya kazi nzuri mno nawaheshimu, lakini mstari uliochorwa msituni unaweza kuwa ni njia ya ndovu. Njia ya ndovu ndani ya mianzi ni safi, pana, imekanyagwa vizuri kuliko hata ya watu, unaifuata ukifurahi, na inaenda penye ndovu anataka kwenda, kwa maji ama kwa chumvi. Wewe ulikuwa unataka kilele. Angalia chini, kama kuna mavi mapya na matawi yamevunjwa kwa urefu wa bega la mnyama, hiyo si yenu.

GPS YA MKONO

Hii sitaongea sana. Ni ile ya vifungo, kama Garmin eTrex. Inakula betri ndogo mbili za kawaida, zile ziko kwa kila duka hata Njabini, ule mji mdogo chini ya Aberdare, na inakaa kitu kama siku nzima na zaidi ikiwa imewashwa. Vifungo unabonyeza na glavu, mvua haina shida nayo. Ubaya ni bei, ni makumi ya maelfu ya shilingi, na skrini ni ndogo huwezi kuona mlima mzima kwa pamoja.

Kuna kitu kimoja tu inachofanya ambacho simu nyingi hazifanyi na wapenzi wa ramani ya karatasi watakipenda. Ramani zetu za serikali zile za 1:50,000 zimechorwa kwa mfumo wa zamani unaoitwa Arc 1960, na simu inaongea WGS84. Namba za gridi za mfumo mmoja na mwingine zinatofautiana karibu mita 300. Ukisoma namba kwa simu ukaenda kuziweka kwa hiyo ramani bila kubadilisha, utajiweka chini zaidi, upande wa kusini, kuliko pale ulipo. Mita mia tatu Aberdare ni mkono mwingine wa mlima kabisa. Kwa Garmin unaingia kwenye mipangilio unachagua Arc 1960 na mambo yanakaa sawa. Kwa simu, njia rahisi ni kutolinganisha namba, linganisha umbo: simu inasema niko pale kijito kinapopinda, ramani inaonyesha kijito kinapinda wapi, basi.

Kama pesa ni kidogo, hii iache, simu na ramani zinakutosha.

RAMANI NA DIRA

Hapa ndio moyo wangu uko, na sababu ni kwamba ukiwa na ramani ya kontua unaamua njia kabla hujatoka nyumbani. Ramani zenyewe zinatoka Survey of Kenya. Kwa 1:50,000 sentimita mbili ni kilomita moja, kila kisanduku cha gridi ni kilomita moja kwa moja. Kabla ya kitu kingine angalia pembeni mwa ramani kama kontua ni za mita ama futi maana ziko aina zote mbili, na angalia mwaka wa uchoraji, kwa sababu nyingi ni za miongo mingi iliyopita. Msitu ulioko kwa ramani unaweza kuwa shamba la viazi leo. Barabara zimebadilika. Lakini milima na mito iko pale pale, na wewe unayetoka kwa njia ni milima na mito unayohitaji.

Kusoma kontua ndiyo kazi yenyewe. Mistari ikibanana, ni mteremko mkali. Ikiachana, pumzika. Herufi V ikielekeza ncha yake juu mlimani, hilo ni bonde na pengine kuna maji, ikielekeza chini ni mkono wa mlima, na kwa milima yetu yenye mianzi unataka kutembea juu ya mkono wa mlima, haswa pale mgongoni, usiingie bondeni. Bondeni kuna thabai, ule mmea unaowasha, kuna miti imeanguka na imeoza, kuna nyati analala mchana. Kilomita moja ya bonde inaweza kumeza masaa mawili matatu wakati wenzako wa juu ya mgongo walishafika wanakunywa chai.

Na ule ushauri wa kwamba ukipotea fuata mto kushuka utafika kwa watu, tafadhali, kwa Aberdare usiufuate. Mto ule ule unaoufuata kwa upole unaweza kukuleta juu ya maporomoko. Karuru inaanguka mita 273 kwa ngazi tatu, na Gura iko karibu hapo hapo. Kwa ramani maporomoko unayaona mapema: kontua zote zinakusanyika mahali mto unapita, kama uzi uliovutwa.

Dira sasa. Sisi tuna bahati kubwa sana ambayo wengi hawaijui. Video nyingi za mafunzo zinatengenezwa Marekani na Ulaya, na zinatumia nusu ya muda kueleza tofauti ya kaskazini ya ramani na kaskazini ya sumaku, maana kule kwingine inafika digrii kumi na zaidi. Nairobi hiyo tofauti ni ndogo mno, haifiki hata kosa la mkono wako. Isahau. Chukua digrii, yaani mwelekeo wa pale unapoenda, kutoka kwa ramani, tembea.

Lakini kuna mengine ya hizo video ambayo huku hayafanyi kazi kabisa. Ile ya kutafuta kaskazini kwa mshale wa saa na jua, sisi tuko digrii moja na kidogo kusini mwa ikweta, jua la mchana linasimama karibu utosini, na kuanzia mwisho wa Machi hadi Septemba linapita upande wa kaskazini halafu miezi mingine kusini, sasa utalinganisha na nini. Nyota ya kaskazini hauioni Nairobi, iko chini ya upeo. Jua linakusaidia asubuhi na jioni tu, linachomoza upande wa mashariki na kuzama upande wa magharibi, ila linacheza pembeni hadi digrii 23 hivi kulingana na mwezi. Na giza letu halina mchezo, jua likizama saa kumi na mbili na nusu, ndani ya nusu saa huoni kitu.

Ukinunua dira, iangalie dukani. Sindano za dira hutengenezwa kwa kusawazishwa kulingana na sehemu ya dunia, na iliyosawazishwa kwa Ulaya ikija huku upande wa kusini wa sindano unazama, unagusa chini, sindano inakwama. Ishike imelala sawa, zungusha mwili wako polepole duara nzima, na uone kama inaelea bila kusuasua. Ikikwama omba nyingine, ama tafuta iliyoandikwa ni ya dunia nzima. Na usiiweke mfuko mmoja na simu, hasa zile simu zenye kava la sumaku, sindano inaweza kugeuzwa kabisa ikaanza kuelekeza kusini ukidhani ni kaskazini.

Sasa nieleze jinsi dira inatumika kwa mianzi, kwa sababu watu wanaishika mkononi, wanaangalia sindano, wanatembea, na ndani ya dakika kumi wameyumba. Mwili unakwepa vichaka upande mmoja bila wewe kujua. Kosa la digrii tano linakutoa karibu mita 87 kila kilomita. Fanya hivi. Mko wawili ama zaidi. Wewe unabaki na dira, mwenzako anaenda mbele mpaka karibu apotee machoni, kwa mianzi hiyo ni kama mita kumi na tano. Unamwelekeza, songa kushoto, kidogo tena, rudi kulia, hapo hapo simama. Anasimama. Wewe unaenda mpaka pale alipo, ukipita popote panapopitika hata kama ni kwa kuzunguka mti, maana yeye ndiye mstari. Halafu unamtuma tena. Ni pole pole, ndio. Mwingine nyuma anahesabu hatua: jua mapema mita mia moja zako ni hatua ngapi, ukihesabu mguu mmoja tu watu wengi kwa tambarare wanapata sitini na kitu, kwenye mianzi ya kupanda inaongezeka sana, kwa hivyo jipime palipo na mteremko pia.

Na usilenge kitu kidogo. Kama unarudi kwa daraja ambalo liko kwenye barabara, usilenge daraja lenyewe, lenga makusudi upande wa kushoto wake kiasi, ili ukifika barabarani ujue bila shaka daraja liko kulia. Ukilenga daraja na ukalikosa, utasimama barabarani hujui ugeuke wapi, na jioni imeingia.

Ubaya wa ramani na dira? Inachukua muda kujifunza, miezi ya kufanya mazoezi, na kwenye wingu zito mahali tambarare bila alama yoyote, kwa mfano zile nyasi za mafundo mafundo juu ya Aberdare, kujua hasa uko wapi kwa karatasi peke yake ni kazi ngumu. Hapo simu itoke mfukoni, ikwambie, irudi mfukoni.

MTU WA PALE

Watu wa Nairobi wengine wanaona kulipa mtu ni kama kukubali hujui. Hapana bana. Sehemu nyingine ni lazima, ndani ya mbuga za KWS, shirika la wanyamapori, huwezi tu kuingia unavyotaka, na kwa misitu ya KFS, shirika la misitu, upande wa Njabini kwenda na renja mwenye bunduki ni jambo la kawaida, nyati na ndovu ni wa kweli. Longonot hata usiwaze kuacha njia, fuata njia, zunguka kreta, rudi.

Cha muhimu ni kujua unalipia nini. Mtu anayekaa pale getini anajua njia ya geti hadi kileleni, amepita mamia ya mara. Hiyo haimaanishi anajua nje ya njia. Muulize kwa heshima na kwa uwazi: "Mzee, huu mgongo wa upande ule umewahi kuupita? Mara ya mwisho ilikuwa lini, kiangazi ama mvua?" Anayejua atakujibu na majina, atakwambia pale kuna kijito fulani, pale mti mkubwa umeanguka mnapita chini. Asiyejua atakwambia twende tu hakuna shida. Mtafute mwingine, mchungaji, mrina asali, mtu ambaye kazi yake inamtoa njiani.

Suswa ndiyo inaonyesha hili vizuri. Ni mlima wa kreta mbili, moja ndani ya nyingine, ardhi ya Wamaasai, na chini kuna mapango ya lava. Kwa ramani panaonekana ni nyasi na vichaka. Kwa simu pia. Hakuna kati yao itakuonyesha nyufa zilizofunikwa na nyasi ama mahali dari la pango limekuwa jembamba. Nilikuwa nasonga na digrii zangu vizuri kabisa pale juu, na mzee mmoja aliyekuwa na ng'ombe akapaza sauti, "Kijana, hapo usikanyage, zunguka kwa ule mti." Akachukua fimbo akasukuma nyasi kando, na chini yake kulikuwa na shimo jeusi la upana wa mlango, hewa baridi inatoka. Ng'ombe wake walikuwa wameshalizunguka bila kuambiwa.

SASA UCHAGUE NINI

Ngong, simu inatosha, kusema kweli hata bila simu. Ule mgongo unaenda kaskazini na kusini, mashariki unaona jiji, magharibi unaona Bonde la Ufa, ukishuka upande wa kusini utapata Kona Baridi na barabara ya Magadi. Huwezi kupotea kwa maana ya kupotea, wingu likiingia unabaki juu ya mgongo mpaka lipite. Hatari ya pale ni zaidi ya usalama, kwa hivyo nendeni wengi na muulize getini kuhusu renja. Ni mahali pazuri pa kufanyia mazoezi ya ramani kwa sababu jibu unaliona kwa macho.

Aberdare nje ya njia ni ramani, dira, simu ya kuhakikisha, na renja, vyote, na kama kimoja hakipo rudi kwa njia ya kawaida. Kilele cha Satima ni mita 4,001, cha Kinangop mita 3,906, na mianzi iko kati yako na hizo nyasi za juu. Panga muda kwa ile hesabu ya zamani ya Naismith, mpanda milima wa Scotland, ya 1892: saa moja kwa kila kilomita tano, na saa moja zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Halafu kwa mianzi zidisha mara mbili, na ikiwa imenyesha mara tatu. Weka saa ya kugeuka, saa saba mchana hivi, na ikifika mgeuke hata kama kilele mnakiona.

Suswa ni mtu wa pale kwanza, simu ya pili, na maji mengi maana juu hakuna.

Kama unaanza leo na huna chochote, usikimbilie duka la GPS. Weka ramani kwa simu, nunua dira ya kawaida ya plastiki yenye bamba la kupitisha mwanga, na uende Karura wikendi. Makutano ya njia kule yana namba kwa vibao, kwa hivyo chagua makutano mawili, chukua digrii kutoka kwa ramani ya msitu, kadiria umbali, hesabu hatua zako ukifuata njia zilizoruhusiwa, na kabla hujakiona kibao useme kwa sauti kitakuwa upande gani na namba ngapi. Simu iwe kwa begi. Ukianza kupatia mara kwa mara bila kuitoa, mwezi ujao nenda Ngong ufanye vile vile na milima, halafu ndio uanze kuongea na watu wa Njabini.